Unga Umevuka, Onyo Limebaki Ng'ambo

Mwezi wa nane mwaka 2024 mpaka wa Kongo yetu na Zambia ulipatwa na mambo mawili karibu kwa wakati mmoja. La kwanza kila mtu alilisikia. Tarehe 10 serikali ya Zambia ilifunga vituo vyake vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu Kinshasa ilikuwa imezuia vinywaji baridi na bia kutoka nje. Malori ya shaba na kobalti yakakwama, wafanyabiashara wa dunia nzima wakashtuka, na baada ya siku chache mpaka ukafunguliwa. La pili halikusimamisha lori hata moja. Wizara ya afya ya Zambia ilitangaza kwamba mbwa wapatao 400 walikuwa wamekufa baada ya kula mahindi yenye sumu. Sampuli za unga zilichukuliwa kwa wasagaji 25, na za wasagaji 10 zikakutwa na sumu hiyo kwa kiwango cha juu. Waziri Elijah Muchima alisema matokeo hayo yanatia wasiwasi mkubwa kwa afya ya wananchi wote. Unga uliohusika ukaamriwa uondolewe sokoni.

Vituo vyote vitatu vinatazamana na teritwari ya Sakania, ile pembe ya Haut-Katanga inayoingia ndani ya Zambia. Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909 na Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tangu siku zile mji wa shaba umelishwa kwa sehemu kubwa na mahindi ya kusini. Bukari, yaani ugali, inayosongwa jioni Katuba, Ruashi au Kampemba mara nyingi imetoka shamba la ng'ambo. Hata mwaka wa njaa, Zambia inapozuia mahindi yasiuzwe nje, unga hauachi kuvuka. Hubadili njia tu. Huacha barabara kuu, hupandishwa juu ya baiskeli, hupita njia za panya.

Kwa hiyo linapotolewa agizo Lusaka kwamba unga fulani usiliwe, ni haki ya mtu wa Lubumbashi kuuliza kama agizo hilo linamfikia. Jibu langu ni kwamba kwa sehemu kubwa halimfikii, na kosa si la redio peke yake.

Agizo la kuondoa chakula sokoni linasimama juu ya kitu kidogo ambacho wengi hatukitazami, yaani maandishi ya mfuko. Chukua mfuko wa kilo 25 uliotoka kiwandani. Mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa mashine. Usoni kuna jina la kiwanda na mji, aina ya unga na uzito. Mahali fulani, kwa wino uliogongwa pembeni au kwenye kipande cha karatasi kilichoshonewa mdomoni, kuna tarehe ya kusaga na namba ya bechi. Bechi ni unga uliosagwa kwa mkupuo mmoja. Maabara ikikuta sumu haihitaji kuhukumu kiwanda kizima wala mwaka mzima, inataja namba. Kiwanda kinafungua daftari: bechi hii ilipelekwa kwa wakala gani, siku gani, mifuko mingapi. Wakala naye anafungua daftari lake. Duka linatoa mifuko rafuni. Aliyekwisha kununua anasikia tangazo, anasoma mfuko wake nyumbani, anaurudisha.

Sasa ufuate mfuko uleule ukivuka kwa baiskeli karibu na Mokambo. Hauna hati ya forodha, kwa hiyo hakuna aliyeandika kwamba umepita. Ukifika sokoni, mama muuzaji anakata uzi, anamwaga unga ndani ya beseni na kuupimia wateja kwa meka, kile kipimo cha sokoni. Mfuko mtupu nao ni mali. Kesho utabeba makala, yaani makaa. Namba ya bechi imekwenda nao. Aliyenunua meka moja hana jina la kiwanda, hana tarehe, hana risiti. Hata akisikia tangazo lote neno kwa neno, hana cha kulinganisha nalo. Simlaumu mama muuzaji, wala simlaumu mteja: fedha ya siku hununua unga wa siku. Lakini hapo ndipo onyo linapokatika, na ni vizuri tupaone vizuri kabla ya kutafuta mchawi mwingine.

Sumu yenyewe inaitwa aflatoksini. Watanzania wameizoea kwa jina la sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayeishi katika udongo wa nchi za joto na kupenda zaidi mahindi na karanga. Mara nyingi huanza kazi yake shambani, kabla ya mavuno. Mahindi yakikosa mvua yanadhoofika, punje zinapasuka, wadudu wanatoboa, na kuvu anapata mlango. Ndiyo maana mwaka 2024 ulikuwa wa hatari: ukame ulikuwa mkali kiasi kwamba tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa. Mavuno haba yana ubaya mwingine. Katika mwaka wa shibe punje mbovu hutupwa au kupewa kuku. Katika mwaka wa njaa husagwa pamoja na nzima.

Wanyama hutangulia kutuonyesha. Sumu hii ilijulikana kwa wanasayansi baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, nao walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga. Mbwa nao ni wepesi kudhurika, na chakula chao katika nyumba nyingi ni pumba na makoko. Pumba hubeba sumu zaidi kuliko unga mweupe, kwa kuwa kuvu hukaa hasa kwenye ganda na kiini cha punje. Mbwa wa mtaa mmoja wakianza kufa kwa mfululizo, jambo hilo lastahili kupelekwa kwa daktari wa mifugo na kwa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kuna imani moja inayotuponza: kwamba moto unamaliza kila kitu. Kwa vijidudu imani hiyo ni kweli kwa sehemu kubwa. Nyama iliyoiva hadi ndani, maji yaliyochemka, maharage yaliyopashwa moto mpaka yakatokota, hayo yanaokoa maisha kila siku. Aflatoksini si kijidudu. Ni kemikali ambayo kuvu ameiacha nyuma, na joto la sufuria halitoshi kuivunja. Kuvu mwenyewe anaweza kufa jikoni na sumu yake ikabaki ndani ya bukari, haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kumshtua mlaji. Kuchachusha hakuiondoi kabisa, kwa hiyo mahindi yaliyooza yasigeuzwe kinywaji cha munkoyo kwa kudhani yametakasika.

Kenya iliyaona haya kwa uchungu mwaka 2004. Kuanzia mwezi wa nne, hospitali za mashariki mwa nchi, hasa Makueni na Kitui, zilianza kupokea watu wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. Hadi tarehe 20 Julai waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Mahindi yao mengi yalikuwa ya shambani kwao, yamehifadhiwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Katika baadhi ya sampuli kiwango cha sumu kilifika mara 220 ya ukomo uliokubaliwa wakati huo. Tanzania ilifuata mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Kwa msiba wa namna hiyo agizo la kurudisha bidhaa lisingesaidia sana, maana kwa wengi hapakuwa na kiwanda wala duka. Kulikuwa na familia na ghala lake.

Hayo ni mauaji ya haraka. Yale ya polepole hayafiki magazetini. Anayekula sumu kidogo kila siku kwa miaka huumizwa ini, na hatari ya saratani ya ini huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya hepataitisi B, maradhi ambayo tunayo kwa wingi. Sumu hupita pia katika maziwa ya mama na ya ng'ombe. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Mtu anayekula bukari mara moja kwa wiki anaweza kuvumilia bechi mbaya, lakini mtoto wa Sakania anayeila mchana na usiku hana siku ya kupumzika.

Ukomo wenyewe ni mdogo mno. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja ya mahindi. Ili kuelewa, fikiria malori matatu yenye tani 33 kila moja kwenye foleni ya Kasumbalesa. Gramu moja tu ya sumu, chini ya kijiko cha chai, ikienea katika shehena hiyo yote, ukomo umefikiwa.

Na haienei sawasawa. Gunzi moja linaweza kuwa limejaa sumu na magunzi jirani yako safi. Mfuko wa juu ukapita, wa chini ukaua. Mkaguzi anayechota kopo moja juu ya lori anaweza kuondoka na matokeo mazuri ya shehena mbaya. Upimaji wa kweli unataka kuchota sehemu nyingi, juu, katikati na chini, kuchanganya, kusaga, kisha kupima. Cheti kilichotolewa bila kazi hiyo ni karatasi. Nalisema hili kwa sababu kwetu cheti kimezoeleka kuwa mwisho wa mjadala.

Hata palipo na maandishi, maabara na sheria, kazi haiendi upesi. Afrika Kusini ilipata mlipuko wa kijidudu kiitwacho listeria uliotokana na polony, ile soseji nene inayoliwa bila kupikwa. Wagonjwa walianza kuongezeka mwaka 2017, na kwa miezi mingi wataalamu hawakujua chakula gani kinawaua. Januari 2018 watoto wa chekechea moja ya Soweto waliugua tumbo, wakapelekwa hospitali ya Chris Hani Baragwanath, na polony iliyokuwa katika jokofu la chekechea ikapimwa. Kutoka hapo kijidudu kilifuatwa kwa vinasaba vyake hadi kiwanda cha Enterprise kilichopo Polokwane. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri Aaron Motsoaledi alitangaza jina la kiwanda, na bidhaa zikaanza kurudishwa. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 1,060 na vifo 216. Zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa vichanga wa chini ya mwezi mmoja, walioambukizwa na mama zao.

Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 15 zilizokuwa zimepokea bidhaa hizo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mojawapo, pamoja na Zambia. Listeria huweza kukaa mwilini hadi siku 70 kabla ya kuonyesha homa, na tofauti na vijidudu vingi huendelea kuzaana ndani ya jokofu. Fikiria sasa mama mjamzito wa Lubumbashi aliyepoteza mimba wakati ule. Ni nani angemuuliza alikula nini miezi miwili kabla? Pasipo maabara ya kupima na daktari wa kuuliza swali hilo, ugonjwa unapita bila jina na chakula kinabaki sokoni. Nchi isiyotangaza kurudisha chakula chochote si lazima iwe na chakula salama. Mara nyingi ni nchi isiyopima.

Inafaa kuweka mambo kwa uzito wake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba Waafrika milioni 91 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na 137,000 hufa. Sehemu kubwa ni kuhara, kunakotokana na maji machafu, mikono na chakula kilicholala. Kwa hayo dawa ni sabuni, moto na maji safi, nayo yako katika uwezo wa nyumba. Agizo la kuondoa bidhaa sokoni limewekwa kwa ajili ya hatari ambazo nyumba haiwezi kuziona wala kuzipika zikaisha. Ndiyo maana serikali haiwezi kumtupia mlaji mzigo huu.

Kenya imefanya jambo ambalo mimi naliheshimu. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilizuia chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, likazitaja kwa majina, zikiwemo zile zinazojulikana kila duka. Januari 2020 likaongeza nyingine 17. Wapo waliosema ni kutia watu hofu. Lakini onyo lile lilimfikia mpishi kwa sababu ya pakiti: unga wa Nairobi huuzwa kwa wingi katika pakiti ya kilo mbili, nayo hufika jikoni ikiwa na jina lake, tarehe yake na namba yake. Pakiti hiyo ni ghali kidogo kuliko unga wa kupimwa, na mtu wa kipato kidogo hulipia usalama asiouona.

Kwetu kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia iko mikononi mwa OCC, ofisi ya ukaguzi iliyoundwa mwaka 1974, pamoja na forodha na karantini ya mimea na wanyama. Wanapokea kilichopita kizuizini. Lakini kila ada na kila karatasi inayoongezwa pale inamsukuma mfanyabiashara mdogo kwenye njia za panya, na unga uliopita huko haupimwi na mtu. Kwa mfuko mmoja au miwili ya mama anayevuka kwa miguu, ningependa serikali ipunguze malipo hadi yasiwe sababu ya kukimbia, ili mfuko uandikwe. Najua wapo watakaosema hazina itapoteza. Kinachopita porini tayari hazina haikipati.

Jambo la pili ni habari. Zambia na Kongo zote ziko ndani ya jumuiya za SADC na COMESA, na kuna mtandao wa INFOSAN, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani na FAO mwaka 2004, ambamo nchi hupashana habari za chakula chenye hatari. Habari hiyo ikiishia katika barua ya Kifaransa kati ya ofisi na ofisi, haijamfikia anayesonga bukari. Inatakiwa isomwe kwa Kiswahili na Kibemba, namba za bechi zikirudiwa polepole, redioni asubuhi na jioni, na ibandikwe milangoni mwa masoko. Mpaka ulipofungwa kwa ajili ya bia, tangazo lilifika siku hiyohiyo.

Kuhusu nyumba, machache tu yanafaa. Anayenunua mahindi na kuyapeleka mwenyewe kwenye mashine ana nafasi ambayo mnunuzi wa unga hana: achambue. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zenye madoa au ukungu wa kijani na manjano zitolewe na zizikwe, zisipewe kuku wala mbwa. Kuchambua hakumalizi sumu lakini huipunguza sana, na kukoboa hupunguza tena. Anayevuna aanike juu ya turubai, si juu ya udongo, na apime ukavu kwa chumvi. Tia punje katika chupa kavu ya kioo, ongeza chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi na hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka yote chini, yamekaribia. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanatapika, matumbo yanauma, macho yanakuwa ya manjano, waende kituo cha afya na wabebe unga uliobaki pamoja na mfuko wake. Wengi hutupa unga kwa hofu kabla ya kutoka. Unga huo ndio ushahidi pekee ambao daktari anao.

Ninyi mama zetu mnaouza Sakania, Kasumbalesa na katika masoko ya Lubumbashi, nawaombeni jambo moja lisilogharimu franga hata moja. Msimwage unga kwenye beseni. Kunjeni mdomo wa mfuko, pimeni meka zenu kutoka ndani yake, na maandishi yaelekee kwa mteja. Mfuko ukiisha, uwekeni mwezi mmoja kabla ya kuuuza kwa wauza makala. Nawe unayenunua, soma jina la kiwanda na namba ya bechi kabla ya kulipa, uzipige picha kwa simu au uziandike ukutani jikoni, ili siku namba hiyo ikitajwa redioni ujue kama ni unga wako.